Bolti Iliyogoma

Taa yenye picha ya betri iliwaka kwenye dashibodi Alhamisi moja ya Februari, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa njiani kwenda zamu. Wanachama wengi wanaijua zamu ya namna hiyo: nyumba ya kulelea wazee nje ya jiji la Manchester, kazi inaanza saa moja kamili, na basi la kwanza linafika huko saa mbili kasorobo. Viza ya mwanafunzi inaturuhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kila saa ina mwenyewe: kodi ya chumba, chakula, na kile kidogo kinachokwenda nyumbani. Gari likilala, saa hizo nazo zinalala.

Gari lilifika kazini, likarudi kwa taabu, likazimika mbele ya nyumba. Kesho yake fundi wa mtaani alifungua boneti, akaliwasha kwa betri ya gari lake, akapima. Injini inapounguruma, betri inapaswa kusoma volti kati ya 13.5 na 14.5. Yangu ilisoma 12.1 na ilikuwa inashuka. Alteneta, yaani kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, ilikuwa imekufa. Bei aliyonitajia ni pauni 420, kwa gari nililolinunua kwa pauni 900.

"Kifaa chenyewe hakina tabu," alisema. "Tabu ni bolti ya chini." Akamulika tochi kati ya injini na bodi. Chini kabisa, mahali ambapo mkono wangu ungeingia mpaka kwenye kifundo tu, niliona kitu cha kahawia chenye umbo la kichwa cha bolti, kimevimba kutu kama andazi. Akaniambia kuwa nusu ya bei yake ni saa za kuhangaika na kitu kile.

Nilimshukuru nikaondoka. Nilikuwa nimeshakosa zamu ya Ijumaa, na msimamizi aliniambia kwa upole kwamba nikikosa na ya Jumatano atalazimika kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Kwenye yadi ya magari chakavu nilipata alteneta kwa pauni 40. Nikaazima sanduku la spana kwa dada mmoja wa chama chetu, mzaliwa wa Mombasa, anayesomea uhandisi. Nilikuwa na Jumamosi nzima mbele yangu, na niliamini kwamba bolti ni bolti.

KOSA LA JUMAMOSI

Alteneta ya gari langu imeshikwa na bolti mbili. Ya juu ni fupi, nayo ilifunguka bila maneno. Ya chini ni ndefu, urefu wa sentimita 11. Inapita kwenye sikio la kwanza la alteneta, ambalo ni la alumini, kisha kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye injini, kisha kwenye sikio la pili, na mwisho inaingia kwenye nati iliyonaswa mahali pake ili isizunguke. Wote hao wameshikana ubavuni mwa injini, upande wa gurudumu la kulia, mbele ya boriti ya bodi.

Nilitumbukiza soketi namba 14 kwa kupapasa, maana macho hayakuweza kufuata mkono. Racheti ilikuwa na nafasi ya kusogea kama upana wa vidole viwili. Nikasukuma, haikutikisika. Nikatafuta bomba la chuma la kuongeza urefu wa mpini, nikalichomeka, nikajitundika kwa uzito wangu. Kitu kikateleza, ngozi ya vidole vitatu ikabaki kwenye rediata, na nilipochomeka soketi tena ikawa inacheza. Nilikuwa nimekila kichwa cha bolti. Pembe zake sita zilikuwa zimeanza kuwa duara.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la soketi. Ile niliyoichukua ina pembe 12 kwa ndani. Inavaa haraka, kwa hiyo mtu anaipenda, lakini inaishika bolti kwenye ncha za kona zake tu. Soketi ya pembe sita hukaa kwenye ubapa wa bolti, na nguvu yake husambaa. Kwa bolti iliyo nzima tofauti hiyo huioni. Kwa bolti iliyoliwa na kutu, ndiyo inayoamua kama kichwa kitabaki au kitakwenda.

Kosa la pili lilikuwa la bomba. Dada wa Mombasa alinipigia hesabu yake jioni ile, nikiwa nimefunga vidole kwa kitambaa. Nguvu ya kusokota ni uzito unaousukumia mara urefu wa mpini. Bomba langu lilikuwa na sentimita 60, nami niliegemea kwa uzito wa kama kilo 30. "Hiyo ni Nyutoni-mita 176, kaka," alisema. "Bolti ya milimita 10 kama hiyo kwa kawaida hufungwa kwa kama 45 au 50. Shukuru kwamba soketi iliteleza. Isingeteleza, ungekuwa na nusu ya bolti mkononi na nusu nyingine kwenye injini." Kamba hukatikia pembamba, na kwenye bolti pembamba ni pale meno yanapoanza, ndani kabisa, usikoweza kufika.

NINI KINAISHIKA?

Jumapili asubuhi nilimpigia simu mjomba wangu, fundi wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshamtumia picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nimeiona bolti yako. Hebu niambie, imepita kwenye nini?"

Nikamwambia imepita kwenye alteneta.

"Hilo nimeliona. Nauliza imepita kwenye chuma gani. Chuma? Alumini? Na unga ulioko pembeni yake ni wa rangi gani, mwekundu au mweupe?"

"Sikuangalia, mjomba."

"Basi jana ulikuwa unapigana na mtu hujamwona sura. Nenda kaangalie, halafu nipigie."

Nilikwenda na tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Niliona rangi zote mbili. Kwenye kichwa na upande wa nati kulikuwa na wekundu. Pale bolti inapoingia kwenye masikio ya alteneta kulikuwa na unga mweupe, kama chokaa iliyolowa ikakauka.

Ili kuelewa rangi hizo inafaa kuanza na bolti nzima, isiyo na kutu. Wanafunzi wa hapa hupita kila siku mbele ya Whitworth Hall, ukumbi wa mahafali ulioko Oxford Road, na wachache hujiuliza Whitworth ni nani. Joseph Whitworth alikuwa fundi mitambo wa jiji hili hili. Zamani kila karakana ilichonga meno ya bolti kwa kipimo chake, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya nyingine. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, meno yenye pembe ya nyuzi 55, nacho kikaenea Uingereza nzima. Bolti za magari ya leo hufuata kipimo cha milimita chenye pembe ya nyuzi 60, lakini wazo ni lile lile.

Bolti inapokazwa hunyooka kidogo sana, kama springi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vitu pamoja. Wahandisi hukadiria kwamba katika nguvu unayoitia kwenye spana, karibu sehemu tisa kwa kumi huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa na kwenye meno, na sehemu moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo hata bolti mpya inashikwa zaidi na msuguano. Ongeza kitu chochote kwenye meno yale, nayo haitoki.

Kitu hicho ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kati ya meno ya bolti na ya nati hakuna nafasi hiyo. Basi kutu inajisokota humo na kujibana yenyewe, mpaka vitu viwili vinakuwa kama kimoja.

Uingereza inasaidia jambo hilo kwa chumvi. Usiku wa baridi malori hupita barabarani yakimwaga chumvi ya mawe, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali kuliko maji matupu. Nyingi huchimbwa si mbali na hapa, katika mgodi wa Winsford, Cheshire. Magurudumu huirusha chumvi hiyo hadi kwenye injini, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Chuma na alumini zikigusana ndani ya maji hayo, zinakuwa betri ndogo: umeme unatembea kati yake, na alumini ndiyo inayolika. Unga mweupe ndio mabaki yake, nao pia umevimba na kuibana bolti.

Nilimweleza mjomba yote hayo. Akasikiliza, kisha akasema magari ya wakazi wa ufukweni Kigamboni yana tabia hiyo hiyo. "Huko kwenu bahari inaletwa na lori," alisema. Nilipomtajia neno hesi, ambalo kamusi zetu zinalitumia kwa meno ya skrubu, alicheka. "Sema meno, mjomba. Ukisema hesi hapa Gerezani watadhani umekuja kudai deni."

KUTAFUTA NAFASI

Agizo lake la kwanza halikuhusu bolti. "Toa kila kinachokuzuia kuiona," alisema. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye uchochoro na kulazimisha spana ipite nilimopita mimi. Yeye alitaka uchochoro uvunjwe kwanza.

Nilianza na betri. Waya mnene wa alteneta umeunganishwa moja kwa moja na betri na una umeme hata gari likiwa limezimwa. Spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, cheche zake zinaweza kukuunguza na kuharibu mengi. Kwa hiyo waya wa hasi wa betri unatolewa kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha nikalegeza nati za gurudumu la kulia la mbele, nikaweka vibao nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna anayepaswa kuingiza hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu likatoka, na nyuma yake ile plastiki ya kukinga matope, iliyoshikwa na vishikizo saba.

Nilipochungulia kupitia pale, nilishangaa. Bolti ilikuwa inanitazama usoni. Kutoka juu ilikuwa chini ya shimo, kutoka ubavuni ilikuwa mbele yangu, umbali wa mkono. Niliondoa pia bomba moja la hewa lililokuwa limekatiza. Kazi hiyo yote ilichukua saa moja na nusu, na Jumamosi niliiona ni kupoteza muda. Bila hiyo nisingeweza kuinyoosha soketi sawasawa na bolti, na soketi iliyopinda ndiyo inayokula kichwa.

MAFUTA NA NYUNDO

Nilisugua kichwa na kandokando yake kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, kwa sababu mafuta yakimwagwa juu ya tope yanaloweka tope. Kisha nikapuliza mafuta ya kupenyeza, yale mepesi ya kopo, kwenye kichwa, kwenye mipaka ya masikio na upande wa nati. Gerezani mjomba hutumia mafuta ya taa au dizeli, na kazi inakwenda. Kinachotakiwa ni kimiminiko chembamba kinachoweza kujivuta chenyewe kwenye ufa mdogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa kilichogusa bakuli.

Kujivuta huko kunataka muda. Nilipuliza saa nne asubuhi, saa nane mchana, na tena kabla ya giza, ambalo mwezi ule liliingia saa kumi na moja na nusu. Kila mara baada ya kupuliza niliweka kipande cha chuma juu ya kichwa cha bolti na kukigonga kwa nyundo, mapigo kumi ya wastani, yaliyonyooka. Mapigo hayo hayalengi kuizungusha. Yanaitikisa kutu ili ipasuke nyufa ndogo, na mafuta yapate pa kupita. Majirani walinitazama dirishani. Nadhani walijua tayari kwamba hili ni gari la mwanafunzi.

Jumatatu baada ya kipindi cha mwisho dada wa Mombasa alikuja na soketi mbili za pembe sita. Namba 14 ilikuwa imeshalegea juu ya kichwa nilichokila. Akachukua namba 13, akaiweka juu ya kichwa, akaipiga nyundo mpaka ikaingia kwa nguvu na kujichongea kona mpya. Ni hila ya zamani, na soketi yenyewe huenda isitoke salama, kwa hiyo huchukui ile nzuri ya mtu. "Hii nimeinunua mtumba," aliniambia.

"Sasa kaza," mjomba alisema kwenye simu tuliyoiegemeza juu ya tairi.

"Kaza, mjomba? Si tunafungua?"

"Kaza kwanza. Kidogo tu. Kutu yako imezoea kuvutwa upande mmoja tangu juzi. Isukume upande usioujua."

Nikakaza, kama upana wa unywele. Nikalegeza. Nikakaza. Hakuna kilichosogea, lakini safari hii soketi haikuteleza.

TULIPOIPASHA JOTO

Kilichobaki ni joto. Fundi mwenye nafasi pana angewasha moto wa gesi. Kwenye injini iliyobanana kuna mabomba ya mafuta, plastiki, mpira na waya, na moto wa wazi humo ni kuomba msiba. Tulitumia mashine ya hewa moto, ile ya kubandulia rangi. Hata hiyo inaweza kuwasha mafuta ya kupenyeza, kwa hiyo tulifuta kila tone kwa kitambaa kikavu, tukaacha hewa ipite nusu saa, tukafunika waya za karibu kwa karatasi ya alumini ya jikoni, na kizima moto kikakaa miguuni pake.

"Pasha kinachoshika," mjomba alisema. "Usipashe kinachoshikwa."

Hapa dada alinifafanulia jambo nililokuwa nimelielewa kinyume. Nilidhani chuma kikitanuka, tundu lake linakuwa dogo. Ni kweli kwamba kila kitu kinatanuka, lakini tundu nalo linatanuka pamoja na kilicholizunguka. Na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: fito mbili za mita moja moja, moja ya alumini na moja ya chuma, zikiongezewa joto la nyuzi 100, ya alumini hurefuka milimita 2.3 hivi na ya chuma 1.2. Kwenye tundu la milimita 10 tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana kwa macho, lakini kutu nayo ni dhaifu, na nyufa za namna hiyo zinatosha kuivunja.

Tulipasha sikio la kwanza, kisha sehemu ya nati, dakika tano tano, kwa kupokezana. Kisha nikashika mpini, wa sentimita 40 safari hii, bila bomba. Nikavuta polepole, nguvu ikipanda kidogo kidogo.

Mjomba alikuwa ameniambia nisikilize kwa mkono. Bolti inayofunguka hutoa mlio mkavu, kisha husogea na kukataa tena. Bolti inayotaka kukatika haina mlio. Mpini unaanza kwenda kwa ulaini, kama unasokota mpira, na ukiuachia unarudi nyuma. Ukihisi ulaini huo, acha papo hapo, rudi kwenye mafuta na joto.

Ikalia: ta! Kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Mpini ulikuwa umesogea upana wa kidole gumba.

Dada alipiga kelele za shangwe. Mimi nilitaka kuendelea kuzungusha, na sauti ya mjomba ikatoka juu ya tairi: "Usikimbie! Rudisha." Kutu iliyovunjika inabaki ndani ya meno kama mchanga. Ukizungusha moja kwa moja inajikusanya mbele na kuikamata bolti upya, na hapo ndipo wengi hukatia. Basi nikafungua robo ya mzunguko, nikarudisha nusu ya robo, tukangoja ipoe, tukapuliza mafuta, nikafungua tena robo. Bandu bandu huisha gogo. Ilichukua dakika 40 mpaka ikawa inazunguka kwa vidole.

IMEFUNGUKA, HAITOKI

Kisha ikagonga boriti ya bodi ikasimama. Bolti ina urefu wa sentimita 11. Kutoka kwenye sikio la alteneta mpaka kwenye boriti kuna sentimita saba. Kiwandani bolti hiyo iliingizwa kabla injini haijawekwa kwenye bodi, na aliyeiingiza hakuwa na boriti mbele yake.

Ilikuwa saa mbili usiku, nyuzi mbili za baridi, na nilikaa kwenye lami nikahesabu saa zilizobaki mpaka Jumatano. Wazo la kukata bolti kwa msumeno lilinijia. Dada aliangalia injini kwa muda, akasema, "Kama bolti haiwezi kupita, kaka, si injini isogee?"

Jumanne tulifanya hivyo. Injini hukaa juu ya mauntingi, yaani vishikio vya mpira na chuma vinavyoiunganisha na bodi. Tuliweka jeki ya pili chini ya injini, na kati ya jeki na beseni la oili tukaweka ubao mpana, kwa sababu beseni hilo ni jembamba na huboneka likiinuliwa na chuma kitupu. Jeki ilipoanza kubeba uzito, tukafungua mauntingi ya kulia, nami nikaishusha injini kwa sentimita tano, macho yangu kwenye mabomba na waya ili kusiwe na kinachovutwa. Kichwa cha bolti kikashuka chini ya boriti. Kikapata njia.

Sehemu ya kati ya bolti bado ilikuwa imeng'ang'ania kwenye sikio la kwanza, kwa ule unga mweupe. Tukaipasha tena alumini, nikaizungusha huku na huku huku nikivuta, nayo ikatoka kwa kukwaruza, milimita kwa milimita, nyeupe na nyekundu mwili mzima.

KAMA INGEKATIKA

Haikukatika, lakini nilimuuliza mjomba tungefanya nini, na jibu lake linafaa kujulikana kabla ya kuanza, si baada. Kipande kikibaki kimejitokeza nje, kinaweza kushikwa kwa praya ya kung'ata, au mchomeleaji akakiunganishia nati mpya juu yake, na joto la kuchomelea lenyewe mara nyingi huilegeza. Kikikatikia ndani, inabidi kutobolewa katikati kabisa kwa keekee, taratibu, kuanzia sindano nyembamba. Kuna vyuma vya kinyume vinavyoingizwa kwenye tundu hilo ili kukitoa kipande, lakini ni vigumu na ni rahisi kukatika, na kikikatikia humo, keekee ya kawaida haitaweza kukitoboa tena. Hapo fundi wa pauni 420 anakuwa rahisi. Hakuna aibu kumrudia mapema, kichwa cha bolti kikiwa bado kipo.

KABLA YA KUFUNGA

Alteneta ya yadi ilikaa mahali pake Jumanne alasiri. Bolti mpya ilinigharimu pauni nne. Nilikuwa na haraka ya kufunga, giza likija, na nilimpigia mjomba kumpa habari njema.

"Umesugua matundu?"

"Nimesugua."

"Umepaka grisi?"

Sikuwa nimepaka. Kuna grisi maalumu ya kuzuia vyuma kushikana, inauzwa kwa tyubu ndogo, na dukani niliiona nikaiacha kwa sababu ya pauni sita. Nilimwambia bolti ni mpya, na gari lenyewe sitakuwa nalo zaidi ya mwaka mmoja.

Akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "aliyeifunga ile ya zamani naye alisema hivyo hivyo."

Nikarudi dukani kabla hawajafunga. Nilipaka mwili wa bolti na meno, kidogo, nikaianzisha kwa vidole mizunguko mitano kabla ya kugusa spana, maana bolti iliyoanza vibaya huharibu meno ya nati. Sikuikaza mpaka mwisho wa kipimo, kwa sababu meno yenye grisi yana msuguano mdogo na nguvu ile ile huivuta bolti zaidi. Injini ikapandishwa, mauntingi zikarudi, gurudumu likarudi, betri ikaunganishwa. Saa moja na dakika kumi usiku gari lilisoma volti 14.2.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Nilifika kazini dakika 20 kabla ya zamu.

Soketi namba 14 ya pembe sita, mashine ya hewa moto na tyubu ya grisi iliyobaki zaidi ya nusu ziko chumbani kwangu. Mwanachama mwenye bolti iliyogoma aniambie kwenye mkutano wa Ijumaa, na aje na jibu la swali la mjomba: unga ni wa rangi gani?